Matumba ya Asmini na Dakika za Kwenda Pemba

Kwenye atlasi ya shule, bahari iliyopo kati ya Unguja na Pemba naifunika kwa kidole. Nilipima kwa rula, kiwanja cha ndege hadi kiwanja cha ndege, kwa sababu shangazi alitaka kujua safari itachukua muda gani na simu yangu haikuwa na bando. Mwendo wa ndege ndogo niliutoa kwenye zoezi la fizikia. Nikapata kilomita mia na ishirini na kitu, dakika ishirini na tano.

"Hizo za kuruka," shangazi akasema. "Za kukaa chini tukisubiri je?"

Hizo sikuwa nimezihesabu.

Binti yake alikuwa anaolewa Pemba, nyumbani kwa baba yake. Asmini huko ipo tele, lakini bibi harusi aliomba ya uani kwetu Bagamoyo, alikokulia. Na asmini ya kichwani huchumwa asubuhi ingali matumba, ikatungwa jioni, ikachanua ikiwa tayari kwenye nywele. Ikichanua njiani imeharibika.

Tulichuma baada ya swala ya alfajiri. Mimi nilikuwa nachagua kwa macho, shangazi kwa vidole, na kikapu chake kilijaa kwanza. Basi mpaka Dar, boti mpaka Unguja, matumba yamelazwa juu ya jani la mgomba na kufunikwa kitambaa kibichi. Ndege ilikuwa ya saa nane. Saa nane tukaambiwa tusubiri. Saa tisa hivyo hivyo.

Shangazi akatia mkono kikapuni. "Yameanza kupata moto."

Akaenda bombani, akalowesha kanga, akaitandika sakafuni chini ya feni na kuyamwaga matumba yote pale, mbele ya abiria. Mimi nikahamia kiti cha mbali nikajifanya nasoma tiketi. Kusema kweli nilitaka watu wadhani simjui.

Kijana mmoja mwenye begi akasema, "Bi mkubwa, hapa ni njia."

"Pita tu, mwanangu. Pande zote mbili kuna nafasi."

Kijana akacheka, akanyanyua begi, akapita pembeni. Mama mwingine akaleta chupa ya maji bila kuombwa. Ndipo shangazi akanigeukia. "Wewe bingwa wa dakika, njoo upepee."

Nikaenda. Nilipepea kwa daftari karibu saa nzima, nimeinamisha uso. Yeye aligeuza matumba taratibu, akiwajibu waliouliza harusi ni ya nani, na sauti yake haikupungua hata kidogo. Nilitamani kuwa na moyo kama ule.

Tulipaa saa kumi. Ndege ilikuwa ndogo hivi kwamba niliona kisogo cha rubani. Chini maji yalikuwa ya kijani, halafu buluu nzito, lakini shangazi hakuchungulia. Alifumba macho, mkono umo kikapuni. Dakika ishirini na nane.

"Yamechanua mangapi?" nikamnong'oneza.

"Machache. Mengine bado."

Nyumbani kwa baba wa bibi harusi shangazi alisalimia, akaomba uzi na sindano, akakaa kitandani nyuma ya binti yake. Alitunga haraka kuliko nilivyoweza kumwokotea matumba. Alipoufunga uzi wa kwanza kwenye nywele, yote aliyotunga yalikuwa yamefumba. Binti akashusha pumzi, akagusa kwa ncha za vidole.

"Ya uani," akasema, akitaka kugeuka.

"Ya uani. Sasa tulia, usinitingishie kichwa."