Antena Niliyomfungia Papa Birindwa

Nakumbuka Jumapili moja alasiri, mwanangu, nikiwa kijana niliyeoa juzijuzi, nimepanda juu ya bati la jirani yangu kule Cimpunda, namfungia antena. Leo umekuja kuniomba ya namna ile kwa ajili ya koko yako, babu unayeishi naye, ili aangalie televisheni chumbani kwake, asije kukaa salon, sebuleni kwako, kila jioni. Nitakujibu. Ila kaa kwanza, maana jibu langu lina safari.

Siku zile upande wetu wa mtaa ulikuwa na parabole moja, dishi la kunasa chaneli za satelaiti, na ilikuwa yangu. Nilikuwa fundi wa redio, nina kiburi kingi, nalipia abonema ya chaneli kila mwezi na kutaka watu wajue. Desturi yetu unaijua: mwenye televisheni hana mlango. Majirani wanaacha viatu nje, wanaingia. Nilianza kuchoka nao, na niliyemchoka zaidi ni Papa Birindwa, seremala mzee aliyefiwa na mke, ambaye ukuta wa mbao wa nyumba yake ulikaribia kugusana na wangu. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, na hakuja mikono mitupu. Siku zote alikuwa na kiazi cha kuchoma mfukoni mwa koti. Shida ilikuwa maswali yake.

"Nani iko na mupira sasa?" aliuliza. Punde tena, "Na sasa iko kwa nani?"

"Papa, angalia basi," nilimjibu siku moja mbele ya watu. Alicheka kidogo.

Ndipo ujanja ukanijia. Nilikuwa na televisheni ndogo niliyoifufua mwenyewe. Nikachukua fimbo, waya za alumini na kipande cha kebo, nikaunda antena ya kunasa chaneli za hapa mjini bila kulipa abonema. Kazi safi, sijisifu. Nikampelekea kama zawadi. Kabla sijapanda kuifunga, aliipapasa yote, ncha hadi ncha, taratibu, nami nikadhani ni useremala wake unaokagua kazi ya mwenziwe.

"Umeikaza muzuri," akasema. "Aksanti, mutoto yangu. Sasa sitakuya tena kukusumbua."

Jioni ile akaja kuchukua kigoda chake, akaenda nacho. Wazee walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi nilimfukuza kwa zawadi, na mtaa ukanisifu kwa ukarimu. Nilifurahi, sitakudanganya. Salon ilipata nafasi.

Miezi ikapita. Homa ikamshika mzee, nasi hatukujua. Zamani kigoda kile kingekosekana jioni moja tu, mke wangu angeuliza Papa yuko wapi. Sasa hapakuwa na mtu wa kumngojea. Binti yake alipofika kutoka Minova na mfuko wa maharage, alimkuta sakafuni, hana nguvu ya kuinuka. Hakumaliza wiki.

Kwenye kilio niliingia kwake kwa mara ya kwanza tangu siku ya antena. Juu ya televisheni palikuwa pamewekwa mfuko wa unga. Kigoda kilikuwa mbali nayo kabisa, kimesogezwa kwenye ukuta wa upande wangu. Nikamuuliza binti kama mzee hakuipenda zawadi. Alinitazama kwa mshangao.

"Papa hakukuwa anaona," akasema. "Macho yake ilikufa zamani. Alikuwa anaikala pale ku ukuta, anasikiliza mupira kwenu."

Nilitoka nje nikalia. Alikuwa amelificha jambo hilo, maana seremala asiyeona hapewi hata kiti cha kupigilia msumari. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu amekua mtu mzima. Mpaka leo nikisikia mpira unatangazwa, namsikia akiuliza, na ningemjibu hadi dakika ya mwisho kama angekuwepo.

Basi abonema yako iache, kama kuilipia kumekushinda. Filamu utaziomba kwa marafiki kwenye klé ya USB, habari utazisikia redioni, na antena nitakutengenezea kesho. Hakuna aliyekufa kwa kukosa chaneli. Lakini tutaifunga kwenye televisheni ya salon, na kiti cha koko yako kitabaki pale pale kilipo. Akikuuliza, mjibu, hata ikiwa ni swali lile lile mara kumi. Pengine ana sababu ambayo anaona haya kuitaja. Na jioni asipotokea, usiendelee kuangalia. Inuka ukabishe kwake.

Mungu amzidishie koko yako siku, akupe wewe moyo wa kumvumilia, na macho yako yatakapochoka kama yangu yanavyoanza kuchoka, usikose mtu wa kukuambia mpira uko kwa nani.