Aliyeahidiwa ni Nani

Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya wakoloni ilitufukuza sisi Wakikuyu kwenye shamba la mzungu karibu na Njoro. Mume wangu alikuwa ameshakamatwa, hatukujua amepelekwa wapi. Mimi na mama mkwe tulishushwa Nakuru, kwenye kambi ya seng'enge kando ya reli, tungojee lori za kutupeleka rizavu, sehemu waliyotutengea. Kila injini iliponguruma barabarani nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

Mama mkwe alikuwa na neno moja tu la Biblia: Mungu atatupatia kila tunachohitaji. Siku moja nilimkatiza. "Lini, mama?" Akanigeuzia mgongo.

Unga wa kambi ulipopungua, mama mmoja wa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Mluhya, mke wa fundi wa mabehewa, alianza kuja kwenye seng'enge. Alitupitishia ugali na mboga ndani ya kitambaa. "Kuleni haraka," alisema, macho kwa askari.

Jumapili mchungaji aliruhusiwa kuingia. Mama mkwe akamwomba afundishe juu ya ahadi ile.

"Aliyeiandika alikuwa kifungoni," mchungaji alisema. "Na aliowaandikia walikuwa maskini, lakini walijinyima wakamtumia msaada. Alikuwa anawashukuru. Ndipo akawaambia Mungu atawapa na wao."

"Kwa hiyo si yetu?" niliuliza kwa sauti kubwa hata watu wakageuka.

"Sijasema hivyo. Nasema ujue kwanza iliambiwa nani."

"Waliofungwa ni sisi," akasema mama mkwe. "Anayetoa ni yule mama."

Jioni alimshika yule mama vidole katikati ya seng'enge, akamwombea kwa Kikuyu, maombi marefu, mpaka mwenzake akaingiwa na hofu. "Wacha, mama, askari ataona!" Akaondoka mbio.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Nilitembea kando ya seng'enge kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikiwaza wamemshika kwa sababu yetu. Kabla sijapata habari, lori zikafika tukapakiwa.

Mume wangu aliachiliwa kabla miaka ya hamsini haijaisha, amekonda, lakini mzima. Tuliporudi Nakuru kutafuta kazi, nilienda moja kwa moja hadi landhi. Mlango niliooneshwa ulifunguliwa na mgeni. Fundi alikuwa amehamishwa, alisema, labda Eldoret, labda Uganda.

Mama mkwe aliendelea kumwombea yule mama kila siku, ametulia kabisa. Mimi sikuweza kutulia. Nilitaka kujua kama naye alipewa alichoahidiwa.