Nta Kwenye Sensa ya Krenki

Sensa ya krenki ya pikapu yangu imewekwa mahali ambapo mkono wa mtu haufiki kwa hiari. Iko nyuma ya injini, chini, imefichwa na starta, mota ndogo ya kuwashia injini. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya injini na kuipa kompyuta ya gari habari hiyo. Habari ikikatika, injini inazima papo hapo. Gari langu lilikuwa likizima hivyo kila lilipopata moto. Ukilisubiri nusu saa lipoe, linawaka, na safari inaendelea mpaka lipate moto tena.

Mimi si fundi wa magari. Natengeneza cherehani na mizani ya madukani, kazi niliyojifunza kwa vitabu na kwa kufungua vitu ambavyo wenyewe walikwisha kuvikatia tamaa. Kwa magari nilikuwa na fundi wangu pale Isevya, Mgogo, rika langu; nami Mnyamwezi, tulitaniana kama makabila yetu yanavyotaniana tangu enzi za misafara. Nikifika gereji aliniita mtumwa wake, mpagazi aliyepita Ugogo na pembe ya ndovu kichwani akalipia hata maji ya kunywa. Nilimjibu kwamba waliowatoza wasafiri maji ndio hao leo wanatoza pesa za breki. Kwa miaka tisa hatukuwahi kusalimiana kwa adabu.

Mwaka jana alinibadilishia sensa hiyo. Aliniambia ilimbidi ashushe starta, na kwamba ndani ya soketi ya waya alikuta uchafu wa njano, akausafisha. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Wiki tatu baadaye nilikuwa natoka Nzega msibani, mama mkwe wangu ameketi mbele pamoja nami, gari likazima katikati ya barabara. Lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga breki, likatupita kwa upande likiserereka, likasimama kwenye majani. 

Kesho yake asubuhi nilikwenda Isevya. Walikuwapo wateja watano au sita. Nilimwambia fundi, kwa sauti iliyofika kila mahali, kwamba hakubadilisha kitu chochote, kwamba ni mwongo, na kwamba uongo wake ulikuwa nusura uue mtu. Wawili watatu walicheka, kwa kuwa Mnyamwezi kumfokea Mgogo ni jambo la kila siku pale. Yeye hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa na kusema, "Sawa, mzee."

Hakuwahi kuniita mzee. Tangu siku hiyo, tukikutana sokoni, aliniuliza habari za kazi na habari za nyumbani, akaitikia kwa upole, akapita. Nilijiambia kwamba aibu ndiyo imemfundisha adabu.

Miezi minane nililitumia gari kwa safari fupi tu. Kisha nikanunua sensa mpya na kuamua kuifunga mwenyewe, nyumbani kwangu Cheyo. Nakiri kwamba nia yangu haikuwa gari peke yake. Nilitaka kuitoa ile sensa ya zamani, iliyochakaa, niiweke mezani kama ushahidi.

Nilianza Jumamosi saa mbili asubuhi. Nilitoa waya wa betri, nikainua gari, nikaliegemeza kwenye stendi za chuma, nikachora umbo la injini kwenye kipande cha katoni ili kila bolti niliyoitoa niichomeke mahali pake kwenye mchoro. Starta ina bolti mbili. Ya chini unaiona. Ya juu unaitafuta kwa vidole, na ili kuifikia niliunganisha vyuma vitatu vya kurefushia spana, nikalala chali, nikasukuma nisichokiona. Ilinichukua mpaka saa saba mchana.

Sensa yenyewe imeshikwa na bolti moja, namba kumi. Nilijiandaa kupambana nayo. Ikafunguka kwa mkono mwepesi, na sensa ikatoka kama kizibo cha chupa.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Kitu kilichokaa kwenye joto na mafuta miaka ishirini hakitoki hivyo. Niliigeuza. Mpira wake wa duara ulikuwa laini bado. Mgongoni palikuwa na msalaba mdogo uliokwaruzwa kwa tupa, alama ambayo fundi wangu huiweka kwenye kila kifaa anachokifunga. Nilibaki chini ya gari nimeishika juu ya uso wangu. Mke wangu alikuja akainama kuuliza kama nimeumia.

Nilimwambia anivutie taa karibu, nikaishika ile soketi iliyokuwa ikining'inia. Ndani yake, kati ya pini, palijaa kitu cha njano. Nilichokoa kidogo kwa sindano nikampa. Mke wangu ni binti wa mrina asali wa Ntalikwa. Hakuhitaji taa. Alikinusa tu.

"Hii nta ya kwetu," alisema. "Si uliomba kwa baba, mwaka ule wa mvua kubwa?"

Niliomba. Mwaka ule maji yalijaa kwenye kalavati la njia ya Ntalikwa, nami niliogopa yasiingie kwenye nyaya. Niliyeyusha nta na kuimimina kwenye kiungo cha waya kilichoko juu, nyuma ya injini, nikaona nimegundua jambo. Sikumwambia fundi, kwa sababu nilijua angenitania mwaka mzima.

Nilifuatilia waya kwa kisu, nikichana ala yake ya plastiki kidogo kidogo kutoka chini kwenda juu. Nta ilikuwa njia nzima. Kila injini ilipopata moto, iliyeyuka, ikateremka ndani ya ala, ikajikusanya mahali pa chini kabisa. Fundi aliisafisha, na ikashuka tena. Ili nisijidanganye, nilirudisha sensa kwenye soketi, nikafunga mita ya kupimia umeme kule juu, nikaegemeza chupa ya maji ya moto kwenye soketi. Dakika nne. Mshale wa mita ukatetemeka, ukaanguka: nta iliyoyeyuka ilikuwa imepenya kati ya pini na kukata umeme. Nilipoiondoa chupa, baada ya muda ukapanda.

Basi hatari ya lile lori la njia ya Nzega niliileta mimi, kwa mkono wangu.

Jioni ile sikula. Jumatatu niliondoa kiungo chote chenye nta, nikaweka waya mpya, nikaikata ile soketi kuukuu na kuitia mfukoni, nikaenda Isevya kwa miguu. Nilingoja mpaka pawe na watu. Kisha nikasimama pale pale niliposimama mara ya kwanza na kusema kwamba fundi huyu alinibadilishia sensa, kwamba hakusema uongo, na kwamba mwenye kosa ni mimi.

Wakacheka. Wakacheka kuliko ile siku ya kwanza. Mmoja akasema leo mpagazi ametua mzigo mwenyewe. Nilirudia maneno yangu, wakazidi kucheka, na nikaelewa kwamba hakuna aliyeniamini: kwao huo ulikuwa utani mzuri tu.

Mama anayeuza chai mkabala na gereji ndiye ambaye hakucheka. Alikuja kuchukua vikombe, akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku ile ya kwanza hatukudhani unatania, baba. Wateja wawili hawajarudi mpaka leo."

 Tangu Jumamosi nilikuwa nikijifariji kwamba maneno yangu yalipotea kwenye kicheko. Fundi alikuwa ameinama kwenye injini ya mtu. Nilimkaribia, nikaitoa soketi na kumwonyesha. Aliitazama, akaikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Nta," alisema.

"Nta yangu," nilimjibu. "Niambie nifanye nini."

Alinirudishia soketi. "Lilete gari kesho. Liegeshe mbele, barabarani, boneti wazi. Ukae nalo. Mtu akiuliza, jibu wewe. Mimi nina kazi."

Nilikaa siku tatu kwenye stuli. Wapita njia waliuliza, nikaeleza: nta, waya, lori, na nilichosema mbele za watu. Siku ya tatu alisimama mwenye gari la kijani, mmoja wa wale wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaishika soketi, akanirudishia bila kunitazama. Kisha akamuuliza fundi kama ana nafasi ya kuangalia breki zake.

Fundi alimwambia asogeze gari ndani. Akanigeukia mimi. "Inuka, mzee. Umeziba njia."