Ala Isiyolia

Kama ulikuwa na kisu na unataka kukivisha, mtaa mzima ungekuelekeza kwa Chwaa. Jina lake la kuzaliwa alilijua mkewe tu, na hata yeye alilitumia siku za hasira. Chwaa alikuwa mshona ala za ngozi, na hilo jina alilipata kwa sababu ya mlio. Kisu kikiingia kwenye ala yake kililia chwaa, kikitoka chwaa, na ukiigeuza ala juu chini na kuitikisa, kisu hakidondoki ng'o. Mteja aliyekuja kuchukua kazi yake hakupewa hivi hivi. Lazima kwanza aonyeshwe. Chwaa, chwaa, chwaa! Wapita njia wanasimama, mwenye duka la jirani anatoka na kalamu sikioni, na fundi mwenyewe anacheka mpaka machozi yanamtoka. Ungedhani amegundua umeme.

Mkewe walimwita Mama Kioo. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa ubao usiofika darini: upande huu ngozi, gundi, sindano na uzi wa nta, upande ule jiwe la kunolea la mota, misasa na vitambaa. Mume alivisha visu, mke aliving'arisha. Kisu kikitoka mikononi mwa Mama Kioo ungeweza kunyoa ndevu mbele ya ubapa wake bila kutafuta kioo kingine.

Basi binti yao wa pekee akapata kazi ya upishi katika hoteli kubwa, aanze Jumatatu. Mama akaamua kumtengenezea kisu. Na hiki hakikuwa kisu cha mchezo, kwa sababu daktari wa macho alishamwambia Mama Kioo kwamba kazi ya kung'arisha sasa basi, macho yamechoka. Amalize hicho alichokishika, halafu abaki na kunoa visu vya kawaida. Kwa hiyo hicho ndicho kilikuwa kioo chake cha mwisho, na nyumba nzima ilijua. Siku alipomkabidhi mumewe akivishe, alikuwa amekifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga.

"Baba, nakuomba," alisema. "Kivishe, kiweke. Usinichezee nacho."

"Mimi? Nicheze? Mama, kweli unanijua wewe?"

Alimjua vizuri sana, ndiyo maana alisema.

Chwaa alichagua ngozi nene kuliko zote, akailoweka mpaka ikalainika, akaibana kwenye kisu chenyewe ili ishike umbo lake, akashona. Ngozi ilipokauka nusu, subira ikamwishia. Akakichomoa. Chwaa! Mlio mzito, wa kishindo, ambao hajawahi kuupata tangu aanze kazi. Jamani, mtu angefanyaje? Akamwita mwenye duka. Akamwita kinyozi, naye akaja na mteja wake mwenye povu shavuni. Mchana kutwa kisu kikaingia na kutoka, na jioni akakirudisha kwenye ala yake mbichi, akaenda kula chakula chake kwa raha zote.

Kesho yake, Jumamosi, binti akaja kuchukua mali yake. Mama Kioo alikichomoa kisu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ubapa, polepole, kisha akasimamisha mkono. Akampa binti. Binti akakipeleka dirishani.

"Mbona kama kimekwaruzwa na paka?" akauliza.

Mistari ya kijivu ilikuwa imetambaa ubapa mzima, pande zote mbili. Karibu na mpini, pale ngozi mbichi ilipokibana, palikuwa na doa la rangi ya chai. Chwaa akazikumbuka chwaa, chwaa za jana. Lakini kukubali kosa hapo hapo, mbele ya mke na mtoto? Thubutu!

"Ni huo mng'aro wako," akamgeukia mkewe. "Laini mno siku hizi. Miaka yote hii navisha visu, hajarudi hata mteja mmoja kulalamika!"

Mama Kioo alichukua kijiti, akakizungushia kitambaa cheupe, akakisokota ndani ya ala. Kitambaa kilitoka cheusi. Binti akapikicha ule weusi kati ya vidole.

"Unga wa chuma," akasema.

"Enhee!" Chwaa akaruka. "Na chuma kinasagwa upande gani? Huo ni unga wa jiwe lako! Unapaa juu ya ubao, unakuja kutua kwenye ngozi zangu!"

"Na maji je, nayo yalipaa?" Hapo Mama Kioo akafungua mdomo. "Ngozi imelowa, ina madawa yaliyoilainisha huko ilikotoka, halafu unalaza chuma humo mpaka asubuhi. Wewe ukilazwa na nguo mbichi utaamka unang'aa?"

"Basi mmekiua wote wawili," binti akasema, akishika mkoba wake. "Naenda kwa seremala anichongee ala ya mbao."

Hilo ndilo lilimchoma. Binti wa Chwaa, damu yake mwenyewe, aende kutafuta ala kwa seremala! Si bora wamtangazie msiba kabisa? Akamsihi asubiri mpaka kesho, kisha akavuka barabara yeye mwenyewe, eti anapita tu kusalimia.

Seremala alimsikiliza akiwa anapiga randa, na kwa heshima hakucheka.

"Mzee wangu, mbao nazo si malaika," akasema. "Ikiwa mbichi inatoa maji. Ikiwa kavu, ziko zenye utomvu mkali, unakula chuma kidogo kidogo. Shemeji yangu alinunua ya plastiki. Haina maji, haina utomvu, akatamba kweli. Chembe moja ya mchanga ikaingia, ikaganda humo, ikawa inakichora kisu kila kikipita. Akabandika kitambaa cha manyoya ndani ili kiwe laini. Weee! Kikazoa mchanga wa mtaa mzima."

"Sasa kisu kivae nini?"

"Kivae chochote kilicho kikavu na kisafi, ila kisibanwe ubapa."

Kisibanwe! Chwaa alirudi akiburuta miguu. Ala isiyobana hailii, na ala isiyolia, yeye atakuwa nani mtaani? Alinuna kwenye kigoda chake kwa muda mrefu, halafu akaanza kazi. Alichukua vibao viwili vyembamba na vikavu alivyopewa na seremala, akavikomba ndani ili kisu kiegemee mgongo wake tu, ubapa usiguse kitu. Nje akashonea ngozi ya urembo, na juu akaweka mkanda wa kifungo wa kushika mpini. Akapuliza, akafuta, akapuliza tena, kazi yote akiifanyia uani, mbali na jiwe la mkewe. Akajaribu kwa kisu cha jikoni. Kimya. Akachomoa. Kimya.

"Baba, hiyo ndiyo!" binti akapiga makofi. Chwaa hakufurahi hata kidogo.

Kikabaki kisu chenyewe. Jumapili asubuhi Mama Kioo alivaa miwani, akashika kitambaa, akakisogelea kisu, kisha akaweka vyote chini. Dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa chumbani, na bado hakuiona mistari. Binti akasema kiache tu, Mama, si cha kukatia vitunguu hicho? Mama Kioo akakifunika kisu kwa kitambaa. Chwaa akazunguka ubao. Tangu waoane hajawahi kukalia kiti cha upande ule. Leo alikikalia.

"Nifundishe."

"Weka dawa ya kung'arishia kidogo. Kidogo nimesema, hupaki siagi! Haya, anzia kwenye mpini. Wewe huwa unakiingiza upande upande, kwa hiyo upo mstari mmoja mrefu unaopinda kabla ya ncha. Chini yake kuna mitatu mifupi."

Chwaa akainama. Ulikuwepo mrefu, umepinda kabla ya ncha. Chini yake mitatu.

"Si umesema huoni?"

"Sioni."

"Sasa umejuaje?"

Mama Kioo akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekamatwa. "Mikwaruzo yako ni ile ile, kila kisu. Nimeifuta miaka yote. Wateja wako walilalamika, Baba, sana tu. Walikuwa wanakuja kwangu, kwa mlango wa nyuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka. Siku moja nikatoka kabisa ili nikuambie, nikakuta watu wamekuzunguka na wewe unacheka vile. Nikarudi zangu ndani."

Chwaa akachovya kitambaa tena kwenye dawa. Aliona aibu, akamwonea mkewe huruma, akampenda. Akasugua. Alisugua mpaka mchana, mabega yanawaka moto, shati limemganda mgongoni.

"Tayari?" mkewe akauliza, akainamisha uso juu ya kisu. Alichokiona ni mwanga tu. "Mimi siwezi kujua tena. Niambie wewe."

Ulibaki mstari mmoja karibu na ncha, mwembamba kuliko unywele. Binti alikuwa mlangoni na mkoba wake begani. Hakuna mpishi duniani ambaye angeuona.

"Bado mmoja," Chwaa akasema, akainama tena.