Machozi ya Fundi Mwinyihaji

Fundi Mwinyihaji wa Likoni alijigamba kwamba kumsoma mtu kwake ni kazi ya dakika moja. Alikuwa amewashonea kanzu wanaume wa mtaa kwa miaka thelathini, na fundi anayepima viuno humjua kila anayejikaza tumbo ili adanganye. Elimu hiyo akaipeleka kwenye karata. Kila siku baada ya alasiri aliketi mkekani pale barazani, macho usoni mwa mwenzake, na akishinda alikueleza kinagaubaga ni wapi uso wako ulipokufichua. Alikuwa akiudhi, tusifichane.

Pale hapachezewi pesa, ni haramu. Kinachochezewa ni mkeka. Mtu akikufunga mara tatu mfululizo, unainuka, unakwenda kukaa kwenye benchi la watazamaji, na mahali pako panapata mwenyewe. Mwinyihaji alikuwa ameshika mahali pake kwa miaka kumi na tisa. Mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki, wanawe wako Doha, na mkeka ule ndio uliokuwa nyumba yake hasa.

Basi akatokea Bassam, kijana mpole anayetengeneza simu sokoni. Akamfunga Jumatatu. Akamfunga Jumanne. Jumatano, kabla ya mchezo, Mwarandu muuza kahawa akamvuta mzee kando.

"Mzee, utaniwia radhi. Ukipata ree ya turufu, ile karata inayozila zote, kahawa yako unaiacha mpaka inapoa. Ukiwa mtupu unakunywa mpaka machicha. Kila mtu anajua."

"Kila mtu?"

"Hata paka wa msikitini."

Mwinyihaji aliona aibu ya mtu aliyezunguka soko zima na kanzu imechanika nyuma. Lakini akashukuru, akaenda kuketi.

Mchezo ukafika ukingoni wakiwa sawa. Mwinyihaji akavuta karata: ree ya turufu! Mwarandu alikuwa ndiyo kwanza amemmiminia, kikombe kinafuka moshi. Mzee hakusita. Akakinyanyua, akaibugia kahawa yote kwa mkupuo mmoja.

Moto ukashuka kutoka ulimini hadi asikokujua. Uso wake haukutikisika hata kidogo, lakini machozi hayana adabu. Yalimtiririka mpaka ndevuni. Bassam alimtazama sana, kisha akaweka katikati turufu yake kubwa, ambayo mwenye akili huificha mpaka ree itoke. Mwinyihaji akaibamiza ree juu yake, na mchezo ukaishia hapo.

Watu walipokwenda zao, Bassam akasogea karibu.

"Nalijua una ree, ami," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe kahawa waipuliza hata iliyopoa, leo umeimeza yachemka. Lakini nalipokuona walia, wallahi, moyo ulinikataa. Nikasema mkeka huu niuwate ubaki kwako, si wangu."

Mwinyihaji akafungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari juu ya ulimi uliovimba: sikulia mimi, ni kahawa. Alikuwa mtu wa swala tano na uongo aliuogopa kwelikweli. Akautazama mkeka. Akamtazama kijana.

Kisha akatoa leso, akajipangusa macho yaliyokwisha kukauka, na akapenga kamasi kwa huzuni kubwa.