Jina Alilolikataa Mama Majina

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, shangazi yangu alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Gazeti lenyewe la jana, anapewa bure na mwenye duka. Hakuwa anatafuta nani kafa. Alikuwa anatafuta majina. Akikutana na zuri anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona chumba kizuri kimebaki bila mpangaji.

"Hili lilikuwa jina," anasema. "Sasa limekaa bure."

Kisha anatoa daftari lake la jalada gumu na kuliandika. Marehemu alale pema, ila jina lake lilikuwa limeshapata kazi kabla ya saa mbili.

Kazi ya shangazi ilikuwa dirisha namba tatu, hospitali ya uzazi. Mama akisharuhusiwa kwenda nyumbani hupita pale na mtoto wake, shangazi anamjazia fomu ya kizazi: mama nani, baba nani (hapo wengine huanza kutazama dari), kazaliwa saa ngapi, ana kilo ngapi, anaitwaje. Alikuwa analipwa kwa kuandika tu. Kushauri hakuna aliyemtuma, na ndiyo kazi aliyoifanya kwa moyo wote miaka ishirini na sita, mpaka watu wakamwita Mama Majina. Jina lake mwenyewe walilijua wachache, na yeye hakuwa na haraka ya kuwaongeza.

Daftari lile lilikuwa na mambo manne kwa kila jina: jina lenyewe, limetoka wapi, maana yake, na hukumu. Amina, la Kiarabu, mwaminifu, linafaa. Daudi, la Kiebrania, mpendwa, linafaa. Stella, la Kilatini, nyota, linafaa kwa mtoto asiyeogopa kutazamwa. Neema, letu, linafaa ila wamezidi. Kuna mwaka akina Baraka walizaliwa wengi hivyo hivyo, mpaka wauguzi wakawa wanawataja kama vyumba vya gesti: Baraka wa kitanda cha pili, Baraka wa dirishani, Baraka anayelia.

Baba mmoja alikuja anataka mwanawe aitwe jina la simu yake. Simu ilikuwa mpya, ameishika mkononi kwa upendo kuliko alivyomshika mtoto.

"Na likitoka toleo jipya," shangazi akamuuliza, "utambadilisha?"

Mwingine, binti mdogo, alitaka jina la dada mmoja wa kwenye tamthilia.

"Umeiangalia mpaka mwisho?"

"Bado, Mama Majina. Iko sehemu ya arobaini."

"Basi ngoja. Usimpe mtoto jina la mtu ambaye hujajua kama ataua mtu."

Foleni inacheka, binti anatoka na Rehema. Wote walikuwa wanatoka na kitu. Fomu hairuhusiwi kuondoka na nafasi tupu, kwa hiyo wazazi wasipokuwa na jina, au wakiwa na jina ambalo shangazi halipendi na hawana nguvu ya kubishana, yeye anaweka moja la daftarini kwa penseli. Anawaambia wakaamue nyumbani, warudi ndani ya miezi mitatu waandikiwe kwa wino. Kurudi ni nauli, na foleni, na kumtazama shangazi machoni. Hakuna aliyerudi. Mtaani kwetu ukisimama ukaita Faraja, nusu ya watoto wanaacha mpira.

Kulikuwa na majina ambayo hayakuwa na mjadala. Hayo aliyaweka ukurasa wao peke yao, mwisho kabisa wa daftari, kama wagonjwa wa kuambukiza. Shida. Mashaka. Mateso. Tabu. Mbele ya kila moja, kwa wino mwekundu: hapana. Watu huwapa watoto majina hayo kwa sababu kulikuwa na njaa, au mimba ilisumbua, au bibi aliitwa hivyo. Shangazi hakutaka sababu.

Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, alipojifungua alitaka mtoto aitwe Tabu, jina la marehemu mama yake. Alilia kidogo akilitaja.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "jina ni nguo ya kwanza. Utamvika mtoto kitambaa kilichochanika kwa sababu bibi yake alikivaa?"

Fundi cherehani anakula kwa kushona vilivyochanika, kwa hiyo jibu alikuwa nalo. Akalimeza. Mtoto akaitwa Furaha, na mpaka leo tunamsikia kupitia ukutani, kutwa analia.

Nilichokuwa najua mimi, na fundi hakukijua, ni kwamba huyo aliyekuwa anamkataza naye anaitwa Tabu. Bibi yangu alimzaa baada ya siku mbili za uchungu, akaona haki mtoto alibebe hilo deni. Shuleni mwalimu akiita jina, darasa zima linageuka kutazama tabu imekaaje. Siku ya harusi yake, mshenga alipolitaja, upande wa bwana harusi walikohoa kwa pamoja. Baada ya hapo ungetegemea alichukie jina hilo kwa uaminifu. Alilichukia kwa watoto wa watu.

Kwa sababu kwetu mjukuu wa kwanza wa kike anachukua jina la bibi mzaa baba. La bibi yangu nimepewa mimi, hilo likapata pa kulala. La shangazi lilikuwa halijalala popote. Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, huyo ninayemwita kaka. Kaka alipooa, na wifi alipobeba mimba, na kipimo kikaonyesha ni msichana, shangazi alibadilika. Alianza kuimba akiosha vyombo. Siku moja akasema, haniambii mimi, anaiambia sufuria:

"Mtu akifa na jina halina mtu, ndio kafa kweli."

Wifi yeye alikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na orodha: majina mia moja yanayopendwa ya watoto wa kike. Alikuwa amelala kwenye kochi miguu juu ya mto, anasoma kwa sauti. Kati ya mia moja, tisini yalikuwa na maana ya malkia, nyota, au ua. Inaelekea huko yanakotoka hakuna watu wa kazi.

"Zoe," wifi akasema. "La Kigiriki. Maana yake uhai. Linaandikwa kifupi, halichoshi."

"Kwani la Kiswahili la uhai limeisha?" shangazi akauliza kutoka jikoni, kwa upole kabisa.

"Nasoma tu, mama."

"Soma, mwanangu. Kusoma hakukatazwi."

Kaka alikuwepo, anakula. Kaka ni fundi friji, na mambo ya nyumbani huyatunza kwa ufundi huo huo: anayaweka kwenye baridi, yasioze, yasiive. Mama yake alipomfuata uani akamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, jina ni lako." Mke wake alipomuuliza chumbani akamwambia, "Chagua unalopenda, wewe ndiye unayezaa." Nyumba yetu kuta zake ni nyembamba. Nilisikia zote mbili siku moja, na katikati yake alipiga mswaki.

Mtoto akazaliwa Jumatano, kilo tatu na robo, na sauti ya kutosha. Ijumaa wifi akaruhusiwa. Kaka akasema ana friji ya bucha inayovuja, hawezi kuiacha, kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba mkoba, wifi akabeba mtoto, tukapanga foleni dirisha namba tatu kama watu wengine. Mbele yetu walikuwa wawili. Nyuma yetu watano au sita, na benchi limejaa.

Shangazi alikuwa amevaa gauni la maua, lile la sherehe. Tulipofika aliinuka nusu, akamchungulia mtoto kupitia kwenye kioo, akakaa. Fomu ilikuwa imeshajazwa. Aliijaza asubuhi kabla hatujatoka wodini, karibu kila kitu kwa wino, akaisukuma kwenye kidirisha ili wifi aweke sahihi.

Wifi aliisoma. Wengi hawasomi. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikienda naye, kikasimama.

"Mama, hapa pameandikwa Tabu."

"Ndiyo."

"Kwa penseli."

"Sijakufungia. Nimeweka la kushikilia."

"Tulikubaliana Zoe."

"Mlikubaliana na nani?"

"Na mwanao."

"Mwanangu alikubaliana na mimi," shangazi akasema.

Wote wawili wakamfikiria fundi friji. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walipatana.

Mwanamke mmoja nyuma yetu akauliza mwenzake, "Nani anaitwa Tabu, mtoto?" Mwenzake akasema, "Si bora wamwite Foleni."

Wifi hakupandisha sauti. Angepandisha, shangazi angemshinda, maana miaka ishirini na sita ameshinda wenye sauti. Alimhamishia mtoto bega la pili, akasema:

"Mama, naomba daftari."

"Daftari la nini?"

"La majina. Kila mtu anayefika hapa unamsomea. Nami nisomee."

Watu wa benchini wakaunga mkono. Walikuwa wamesubiri tangu asubuhi, burudani yoyote ilikuwa halali. "Msomee, Mama Majina." Shangazi hakulitoa. Lilikuwa palepale mezani, chini ya kiwiko chake. Wifi akaingiza mkono kwenye kidirisha, akalivuta taratibu, kama unavyovuta shuka chini ya mtu aliyelala. Shangazi akainua kiwiko. Sikujua kwa nini aliinua, mpaka leo sijui.

Wifi akafungua nyuma kabisa.

"Tabu," akasoma. "Asili yake Kiarabu. Uchovu, mateso, kusumbuka. Hapana." Akagusa ukurasa kwa kidole. "Hii 'hapana' umeipigia mistari miwili, mama. Ya Mateso umepiga mmoja."

Benchi likacheka. Shangazi akatabasamu kidogo, kwa ajili ya benchi.

"Ni tofauti," akasema. "Hawa ni watu wa nje. Huyu ni damu yangu. Jina la bibi halitafutiwi maana."

"La mama yake fundi cherehani lilitafutiwa."

Hilo shangazi hakulitegemea. Fundi cherehani na wifi walikuwa wanasukana nywele kila Jumapili, na mtu akishikwa kichwa huongea.

"Basi nionyeshe mmoja," wifi akasema. Mtoto akaanza kujinyonganyonga kwenye kanga. "Vitabu vyote vya waliozaliwa hapa viko nyuma yako. Nionyeshe Tabu mmoja uliyemwandika wewe, nami naweka sahihi sasa hivi. Asiwe peke yake tu. Shule nzima wasimgeukie yeye peke yake."

Nilimwona shangazi akigeuka haraka, kwa furaha hasa, kama mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. Vitabu vilikuwa vimepangwa kwenye rafu, mgongo wa kila kimoja una mwaka. Alitoa cha juu, akapitisha kidole. Akatoa kingine. Foleni haikunung'unika. Wengine walianza kumsaidia kukumbuka. "Si yule wa kina muuza mkaa?" "Yule aliitwa Subira." "Na yule mwenye meno?" "Faraja." Alitoa kitabu cha tatu, cha tano, akafikia kile cha mwaka alioanza kazi, ambacho mwandiko wake ulikuwa bado wa shule, wa herufi zilizolala. Pale kulikuwa na Tabu wanne. Wote waliandikwa na karani aliyekuwepo kabla yake, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Mwezi wa nne ndio alioanza yeye.

Akasimama na kile kitabu mkononi. Katika wasichana wote waliopita dirishani kwake, hakubaki Tabu hata mmoja. Walikuja, alikumbuka walikuja, akina mama wenye mama zao waliokufa, na kila mmoja alimwondoa kwa utani mzuri.

"Hakuna," akasema.

Wifi alikuwa anafuta machozi na kona ya kanga ya mtoto. Nadhani alitaka Tabu mmoja awepo. "Mama, si kwa ubaya," akasema.

"Najua."

Akakaa. Akachukua raba, akafuta, akapuliza vumbi la raba. Kisha akachukua kalamu ya wino.

"Niandikie kwenye kikaratasi nisikosee. Kigiriki sikusomea."

Wifi akaandika herufi tatu. Shangazi akazinakili kwenye nafasi ile kwa mwandiko wake bora, ule wa vyeti, akagonga muhuri, akasukuma fomu. Wifi akaweka sahihi, akamrudishia daftari. Shangazi akanyoosha mkono kwenye kidirisha, akamgusa mtoto kidole cha mguu.

"Uhai," akamwambia. "Haya, nenda nyumbani, upepo mkali."

Aliyefuata alikuwa mama mnene na mtoto wa kiume, ameshajiandaa kuchekeshwa. Akaegemea kidirisha.

"Mama Majina, mimi wangu nimempatia moja lakini nasitasita. Naogopa utanikaripia."

"Ni la nani?"

"La babu yake. Mashaka."

Benchi likasubiri hukumu. Shangazi hakufungua daftari.

"Alikuwa mtu mwema?"

"Sana."

Akaandika kwa wino, bila neno jingine. Akagonga muhuri. Kisha akafunga kifuniko cha kalamu, akachukua mkoba wake na kanga aliyoitundika kwenye kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni. Alipita mbele ya benchi, na watu wakamwachia njia wakidhani anaenda chooni. Alipita getini, mlinzi akamsalimia, naye akaitikia. Foleni ilisubiri mpaka saa tisa. Jumatatu dirisha namba tatu lilifungwa, na Jumanne alikaa kijana mmoja mwenye kompyuta, anayeandika chochote unachomtajia bila kuinua macho.