Udongo wa Chini ya Kaburi la Babu

Nilipoolewa Karungu, kando ya ziwa, nilikuta kaburi la babu yake mume wangu katikati ya shamba la mahindi. Lilikuwa tuta kubwa lililoota nyasi, lililokuwapo hata kabla mama mkwe wangu hajaolewa pale bomani. Enzi za plau ya ng'ombe, wakulima walilizunguka. Sisi tuliuza ng'ombe tukawa tunakodi trekta, na kila msimu trekta ililimega kidogo. Tukasema ni kidogo tu.

Shamba lenyewe lilikuwa limechoka. Mahindi juu ya mahindi, mbolea ya dukani, mabua tunachoma. Mvua ikinyesha, maji hayakuzama; yaliteleza kama kwenye saruji, yakakimbilia ziwani na udongo wetu.

Masika ya mwaka jana, ubavu wa kaburi uliporomoka. Chini ya tuta nikaona udongo mweusi, laini, wenye vijitundu vya minyoo. Ulikuwa udongo uleule wa shamba letu, jinsi ulivyokuwa siku babu alipozikwa. Tuta lilikuwa limeufunika, sisi tusiufikie.

Nilichukua karai, nikachota. Nilijiambia mifupa iko chini zaidi, mimi nachukua udongo tu. Nikaumwaga bustanini nyuma ya jikoni, nikapanda sukuma wiki.

Ilistawi ajabu. Majirani wakaja kuomba miche, nami nikawapa huku nikisifiwa. Siku moja mama mkwe alikula kwetu, akalishika jani kwa vidole.

"Nyar Rusinga," aliniita, binti wa Rusinga, kwani ndiko nilikozaliwa, "hii umeitilia nini?"

"Samadi, Mama."

"Samadi ya ng'ombe gani? Si mliwauza?"

Mume wangu akainamia sahani yake.

Asubuhi nilimkuta mama mkwe kaburini akisukuma mawe kuziba shimo langu. Nilipoinama kumsaidia, alinisogezea jiwe bila kunitazama.

"Mzee huyu sikumkuta," alisema. "Lakini shamba lake nililikuta, na lilitulisha. Nyinyi mmelimaliza shamba, sasa mnakula na kaburi."

Alisema polepole. Heri angenifokea.

"Niing'oe ile sukuma, Mama?"

"Chakula hakitupwi. Mle."

Tukaila hadi ikaisha. Kila nilipokata majani, uso uliniwaka. Majirani walipouliza siri ya bustani yangu, niliingia ndani nikajifanya nina kitu jikoni.

Msimu huu trekta haikuingia. Tumeacha nyasi pana kulizunguka kaburi, tumechanganya maharagwe na mahindi, na samadi tunaomba kwa shemeji. Ardhi bado ngumu. Jembe likigonga, mikono inakufa ganzi. Mama mkwe hupita akanisalimu vizuri tu, kama zamani. Mimi huitikia nikiwa nimeinama, nikipalilia mahali nilipokwisha kupalilia.